Jua Nililojiongezea

Magamba yalinitoka binti yangu akiwa bado anajifunza kutembea. Meupe, juu ya ngozi nyekundu: mikononi, kwenye viwiko, mugongoni. Hayaambukizi, lakini nenda uwaeleze watu wa Beni! Wakati wa Ebola nilipumzika kidogo, maana hakuna aliyempa mwenzake mukono. Ebola ikaisha, watu wakarudi kushikana. Mikono yangu ikabaki mufukoni.

Halafu binti akaposwa. Kwetu, siku ya mahari, baba wa kijana anamupa baba wa binti kamba ya mbuzi wa kwanza, mukono kwa mukono, na ukoo wote unaangalia. Ilibaki miezi mitatu.

Nikahamia Butembo kwa mudogo wangu, yule niliyemusomesha mimi ambaye sikumaliza hata la tatu. Kuna daktari wa ngozi huko mwenye mashini ya mwanga. Ni kama kabati lenye taa ndefu ndani. Unasimama uchi, umevaa miwani myeusi, kama kuku aliyenyonyolewa. Siku ya kwanza taa ziliwaka, sijafika ishirini kuhesabu zikazimika.

"Ni hiyo tu?" nikamuuliza muuguzi.

"Ni hiyo, papa. Mara tatu kwa juma, tutaongeza polepole. Na ukitoka hapa, jua hapana."

"Mama, jua ndilo lilinijengea nyumba."

"Nyumba, sawa. Ngozi, hapana."

Baada ya mwezi kiwiko cha kushoto kilikuwa safi. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nimeanika kakao miaka thelathini, najua mwenye kuitoa mapema anauza ukungu. Niliona yule muuguzi ananipimia mwanga kama anapima chumvi. Donc, basi, Jumamosi moja nikarudi Beni, saa sita ya mchana nikavua shati, nikalala juu ya bashi, turubai la kuanikia, katikati ya kakao yangu. Nilijigeuza kama ninavyoigeuza, tumbo, mugongo, mikono.

Bibi yangu, mama wa binti, akasimama mulangoni. "Papa, wewe na kakao, tutauza nani?"

Jioni ngozi ilivimba malengelenge. Jumatatu muuguzi akaniangalia.

"Nani amekuchoma?"

Daktari akanifungia mashini mpaka nipone, kisha nianze tena toka mwanzo. Mahali palipoungua pakatoka magamba mapya, mengi kuliko ya zamani. Hata kile kiwiko.

Siku ya mahari nilisema nitavaa glavu. Bibi yangu akaweka sahani chini.

"Glavu? Kama wale waliokuwa wanazika watu wa Ebola? Mbele ya wakwe?"

Nikabaki chumbani. Kwa dirisha nilimuona mudogo wangu, koti lake limepigwa pasi, anapokea kamba. Binti alikuwa anaangalia mulango wangu. Vigelegele vikapigwa.

Baadaye mudogo wangu akaingia.

"Yaya, mukubwa wangu, nimeipokea kwa jina lako."

"Kwa mikono yako," nikamujibu. "Funga mulango."