Jiwe la Mlima wa Mungu

Tuliusikia kabla hatujauona. Chini ya miguu yetu kitu kilikuwa kinachemka taratibu, kama kunde kwenye chungu kilichofunikwa. Kisha Mmasai aliyeniongoza akanishika mkono, nami nikachungulia ndani ya Mlima wa Mungu. Tope la moto lilikuwa jeusi kama lami, likiruka na kutambaa. Pembeni yake ardhi ilikuwa nyeupe kabisa.

"Hilo jeupe," alisema, "juzi lilikuwa jeusi."

Niliyaandika maneno yake daftarini kwa sababu yalinipendeza sikioni. Sikuyafikiri. Nikaokota kipande cheusi kilichopoa, nikakitia kwenye kopo la majani ya chai.

Nilikihitaji kiwe ushahidi wa safari yangu. Miezi mitatu bila barua iliwatosha watu wa Mtoni, kwetu pwani, kuniozesha kwa uvumi mke huko Arusha. Posa yangu ilikuwa imepokelewa, siku ya ndoa bado haijatajwa, na neno la mwisho alikuwa nalo shangazi wa mchumba wangu.

Nilipofika alinizuia barazani. Shikamoo yangu aliiitikia huku akilikagua shati langu.

"Enhe, bwana msafiri. Na huko kwenye mlima unaotapika moto, nani kakupigia pasi?"

"Nilipita nyumbani kwanza, Shangazi."

"Nyumbani kupi?"

Nikamfungulia kopo. Aliligeuza jiwe kiganjani, akalinusa.

"Haya. Liache hapa. Ijumaa wazee watalitazama."

Akalirudisha koponi, akaliacha wazi dirishani, karibu na mtungi wa maji. Masika yalikuwa yameanza. Hata chumvi ilikuwa inalowa ndani ya vibakuli.

Ijumaa, baada ya sala, niliwakuta wazee wawili ukumbini. Mchumba wangu alikuwa nyuma ya pazia. Nilimjua kwa vidole vya hina vilivyoshika pindo. Shangazi akalipindua kopo juu ya sinia.

Ukamwagika unga mweupe.

Nilimtazama, naye akanitazama, kila mmoja akimwona mwenzake mlaghai.

"Mmelibadilisha," nilisema. Mbele ya wazee, kwa mama mtu mzima, nilisema hivyo.

"Tumelibadilisha!" Akachovya kidole, akalamba. "Magadi haya. Mie napikia kunde magadi tangu mama yako hajavunja ungo, leo uniletee ya dukani uliyoyapaka masizi, kisha uniite mie mwongo?"

Nami nikalamba. Yalikuwa magadi. Kwa kitambo niliishuku hata safari yangu mwenyewe.

Mzee mmoja akakohoa. "Basi, kijana. Posa yako tutairudisha kwenu."

Vidole vya hina vikaliachia pazia.

Nilivaa viatu kizingitini, masikio yakiniwaka, na hapo ndipo sauti ya yule Mmasai iliponirudia: hilo jeupe, juzi lilikuwa jeusi. Hakuna aliyelaghai. Jiwe liligeuka lenyewe kwa unyevu, pale dirishani, siku baada ya siku.

Niligeuka. "Shangazi, ngoja nikueleze—"

Ubao wa mlango ulikuwa mbele ya pua yangu, na kwa ndani komeo likashuka.