Mwiko wa Kifaranga Mweupe

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, kofia pana kichwani, wakati kuku mweusi wa Baba alipototoa kifaranga mweupe. Kofia ilikuwa ya lazima. Nyumba nzima ni watu weusi, mimi nikazaliwa na ualbino, nywele rangi ya ndevu za mahindi, macho yasiyostahimili jua. Pale kijijini Kianjokoma ukisema "yule wa Ireri", yaani wa Baba, kila mtu alijua ni mimi.

Baba alifuga kuku wa kienyeji weusi tititi, na alikuwa na wazimu nao. Kuku akionyesha unyoya mmoja wa kahawia, huyo haatamii, anaenda kwa mchinjaji mjini. Watu walikuja kutoka mbali kama Meru kununua majogoo wa mbegu, na Baba aliwaapia kwamba hawataona doa.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuchungulia banda siku hiyo. Kifaranga mweusi huzaliwa na tumbo jeupe, hilo halimtishi mfugaji, linaisha manyoya yakiota. Lakini huyu alikuwa wa manjano hafifu mwili mzima. Nikamwita Baba. Akaguna. "Tungoje manyoya."

Kungoja huko kulinitesa, jamani. Asubuhi kabla ya shule nilikimbia bandani, jioni nikakimbia tena kabla ya kuvua sare. Mama mmoja kanisani aliwahi kunishika shavu akaniambia nisijali, nitaiva niwe mweusi nikikua, na nilimwamini. Basi nilimkodolea macho yule kifaranga nikimwambia kimoyomoyo: iva, tafadhali iva. Manyoya ya mabawa yakatokeza, meupe pe. Kitandani nilijigeuza mpaka Cucu, niliyelala naye, akaniuliza kama nina viroboto.

Cucu, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa na miiko ya nyumba. Usipige mluzi ndani. Usiruke miguu ya mtu aliyeketi. Kuku jike akiwika, achinjwe siku hiyo hiyo. Baba, mzee wa kanisa, alijifanya haamini hayo, lakini tembe wetu mmoja alipowika asubuhi, saa sita alikuwa sufuriani.

Jumamosi moja Baba akamshika kifaranga, akamkunjua bawa juani. Mimi nilikuwa naleta maji ya kuku. Cucu ameketi mlangoni pa jikoni, sinia la maharagwe mapajani.

"Huyu anaondoka," Baba akasema. "Na si yeye tu. Hii damu imejificha kwa jogoo na kwa mama yake pia, la sivyo haingetokea. Nikiwaacha, itarudi. Wote watatu waende."

Mtoto, mama, baba. Niliielewa hesabu hiyo haraka kuliko hesabu yoyote ya shuleni. Mkebe wa maji ukaniponyoka. Nilitaka kukimbia na nilitaka kusikia, kwa hivyo nikabaki pale.

"Ireri," Cucu akaita bila kuinua macho. "Kwani wewe hujui mwiko wa huyo?"

"Mwiko gani tena, mama?"

"Kuku mweusi akitoa mweupe, ujue ndani ya hiyo nyumba kuna mwenzake. Ukimfukuza wa bandani, wa nyumbani anamfuata."

Baba akageuka, akaniona. Nadhani ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe.

"Aii, mama. Hiyo sijawahi kuisikia."

"Umesikia ngapi wewe? Na kama ni kuondoa damu, basi tuanze na wewe na mkeo. Mnaenda sokoni lini?"

Baba akamweka kifaranga chini polepole. "Muthoni, kuja hapa," akaniita. Sikwenda. Nilimpenda Baba sana, na dakika hiyo nilimwogopa kuliko mtu yeyote duniani. Ikabidi aje yeye, achuchumae kwenye tope la maji niliyomwaga, anirekebishie kofia.

"Si wewe nilikuwa nasema," akanong'ona.

Niliitikia kwa kichwa, lakini sikuwa na hakika.

Wote watatu walibaki. Weupe wengine wakatotolewa, wateja wakanung'unika, mmoja wa Kangeta, kule Meru, akarudisha jogoo kwa hasira. Baba akajifunza kuwaambia mapema: huyu anaweza kutoa mweupe, ukitaka chukua, hutaki acha.

Siku hizi ninakaa mtaa wa Dallas, mjini Embu, na Cucu alishatuacha. Kwa miaka nimekuwa nikiwauliza kina mama wazee kuhusu ule mwiko, kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye foleni za hospitali. Wa mluzi wanaujua. Wa kuku anayewika wanaujua. Huu wa kifaranga mweupe hakuna aliyewahi kuusikia, si Embu, si Meru. Mmoja alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema cucu wangu alikuwa mwongo hodari.

Alikuwa. Aliutunga pale pale, vidole vikiendelea kuchambua maharagwe, maana alimjua mwanawe: maneno ya huruma angeyabishia, mwiko angeuogopa. Nikikumbuka hivyo moyo unajaa, na bado hautulii. Baba amezeeka, anafuga hadi leo, na kuku mweupe hachinji. Kila nikienda nyumbani nataka kumuuliza: bila ule mwiko, ungewaacha? Nafungua mdomo, halafu naomba chai.