Baba Alipotoa Ushuhuda wa Ubongo

Baba alikuwa fundi cherehani pale Kikima, na mzee wa kanisa. Miaka ya tisini mikono yake ilianza kutetemeka, na daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Mama akachukua kazi ya mkasi, baba akabaki kukanyaga cherehani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia. Nilisoma kwamba ubongo una vipokezi vinavyonasa kemikali ya bangi, na vingi viko sehemu inayoongoza mwendo wa mwili. Watafiti walikuwa wakijiuliza kama vingesaidia wagonjwa kama baba. Nilimweleza.

"Kwa hivyo Mungu aliwekea bangi kiti kichwani mwangu?" aliuliza.

"Si bangi, baba. Ubongo hutengeneza kemikali yake inayofanana nayo."

"Na itaniponya?"

"Bado wanachunguza."

"Basi wachunguze. Mimi nitaendelea na tembe zangu."

Jumapili alisimama akaliambia kanisa zima kwamba kichwa chake kinajitengenezea bangi, na mwanawe mwalimu amethibitisha. Mchungaji aliniita ofisini. Nilimchorea ubongo, nikaeleza kwa nusu saa. Mwishowe aliuliza polepole kama hata kichwa chake kinatengeneza. Nikamwambia kila kichwa hutengeneza. Aliniomba nisiwaambie vijana.