Mbwa Aliyemuuma Mama

Nilishuka gari moshi Ngerengere na cheti chenye mhuri wa tai kifuani, nikapanda kwa miguu hadi kwetu Matombo. Hakuna mwana wa milima ile aliyenizidi elimu, wala hakuna aliyenishika mkono: nilianza kwa kufagia zizi la daktari Mdachi wa mifugo huko Dar es Salaam, nikaishia kuwa msaidizi wake. Nilitaka mama awe wa kwanza kukiona cheti kile.

Nilimkuta kizingitini, mkono umefungwa kitambaa. Mbwa wake mwenyewe, mlinzi wa mahindi yake dhidi ya nguruwe, alimuuma alipomshika kichwa. Sasa mbwa huyo alikuwa amefungwa kwenye mgomba, mate yakimdondoka, akimrukia kila aliyesogea.

"Ana kichaa," mama alisema. "Usinisogelee, mwanangu. Mimi ndio basi tena."

Nilijua kuliko wote pale kwamba kama ni kichaa kweli, sikuwa na dawa.

Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya nyumba ya dada yake, alifika na mkuki.

"Shikamoo, mjomba. Usimuue, nakuomba."

"Marahaba. Unamlilia mbwa, na dada yangu je?"

"Ukimuua, hatutajua kama ana kichaa kweli, wala kama mama atapona."

"Basi msomee hicho cheti chako, huenda akatulia."

Majirani walicheka. Mama hakucheka. Alimwita mbwa wake kwa sauti ndogo, naye akatikisa mkia, kisha akajikwaruza mdomo kwa mguu. Mwenye kichaa hamtambui mtu, nilijiambia, ila sikuwa na hakika.

Nilitaka kuona kilichomo mdomoni, nikamsihi mjomba ambane mbwa shingo kwa gongo lenye panda. Nikazungushia mkono nguo, nikapenyeza kijiti kati ya meno. Kipande cha mfupa kilikuwa kimekwama kati ya magego ya juu, kimezama kwenye kaakaa, nyama imeoza. Nilikivuta. Mbwa alilia kama mtu.

Nikamwekea maji. Mwenye kichaa hamezi. Alinusa, akageuza kichwa; mama akafumba macho. Nilidhani nimempoteza mama. Ndipo mbwa akayarudia maji, akayalamba, akameza, akameza tena.

"Mwongezee," mama alinong'ona.

Mjomba aliegemeza mkuki ukutani. Nami, huku nikilia, nikatoa cheti changu.

"Kwa mikono hiyo yenye mate ya mbwa?" mama akafoka. "Kaoshe kwanza kwa udongo!"