Mahari pa Nyumba ya Mama

Kabla hatujamwona fundi tulimsikia: mwiko na timazi vikigombana ndani ya ndoo, baiskeli ikipanda kilima cha Nemba. Baba aliruka. Akavua viatu, akavaa katambuga za matairi, akavisukumia viatu na redio uvunguni. Kambi za wakimbizi zilikuwa zimepandisha bei ya kila kitu, saruji hadi mchanga wa mtoni, na mafundi waliojenga maghala ya kambi ya Lukole walikadiria gharama kwa kumtazama mteja kuanzia miguuni.

Mama hakujali miguu ya mtu. Paa letu la nyasi lilikuwa limeoza, mvua zilikuwa zimeanza kunusanusa vilimani, naye alitaka nyumba ya bati kabla hazijaingia.

Fundi alikuwa Mhangaza wa Nyamiaga. Kinywani mwake kila l ilitoka ikiwa r. Sisi tulikuwa Wasukuma, watu wasiofanya mzaha na ng'ombe.

Dada yangu alimkaribisha kwa uji. Fundi akanywa, akafuta mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Kabra ya bei, tuongee mahari."

Alitaka tu kujua nyumba itasimama mahali gani. Baba akamtazama dada, akasikia posa.

"Ng'ombe ishirini," akasema papo hapo.

"Ishirini? Kwani mahari si pako, mzee?"

"Ni yangu, ndiyo maana naitaja mimi!"

"Nimepaangaria wakati naingia. Mbere pako sawa. Nyuma ndiyo pameinuka sana. Itabidi tusawazishe kwa jembe."

Dada alikimbilia jikoni, kicheko kimembana pumzi. Baba hakucheka.

"Jembe? Toka kwangu, mbwa wewe!"

Fundi akanyakua ndoo bila kuelewa kitu. Mwiko na timazi vikaanza kugombana tena, safari hii vikiteremka.

"Mwite arudi," mama alisema.

"Amemtukana mwanangu."

"Anazungumzia kiwanja, baba watoto. Kiwanja ndicho kimeinuka."

Baba akakuna kidevu. Nikadhani ameona aibu.

"Hata hivyo," akasema, "ishirini hawapungui."

Radi ikanguruma upande wa Ngara. Mama akainama uvunguni, akatoa viatu vya baba, akavivaa yeye, akatoka kumkimbilia fundi. Mlango aliubamiza nyuma yake hadi nyasi za paa zikatudondokea vichwani.