Magodoro Barabarani, Harusi Njiani

Katika chumba cha mawasiliano cha wakala wa barabara kuu alikuwapo mama mmoja ambaye askari wa trafiki walimbandika jina la Dada Redio. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya simu na ramani iliyojaa ukuta mzima, na barabara ikipatwa na lolote, awaite wahusika. Nao walikuwa wengi kama ndugu siku ya mirathi: lami ilikuwa ya wakala, magari yaliongozwa na trafiki, nyasi na mitaro ilikuwa ya mkandarasi, na vibarabara vyote vya pembeni vilikuwa vya halmashauri.

"Barabara hii ina baba wanne," alizoea kuwaambia watu wa nyumbani. "Mimi ni shangazi wa kuwapatanisha."

Ila yule baba wa nne hakupatanishika kirahisi. Alikuwa mhandisi wa halmashauri, na kwa miaka walikuwa wakigombana kwenye simu bila kuonana uso kwa uso. Ukimwambia mtaro umeziba, atakuuliza umezibia upande gani wa mpaka. Dada Redio alimwita Bwana Mpaka, kisirisiri bila shaka.

Jumamosi moja mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa anaolewa. Dada Redio alikuwa na zamu ya asubuhi, gauni lake la sherehe likining'inia nyuma ya mlango wa ofisi. Jua lilipoanza kupanda, simu ikalia. Alikuwa sajini wa trafiki.

"Dada, lori limelala ubavu hapa darajani. Hakuna aliyeumia, tushukuru. Ila lilikuwa limejaa magodoro."

"Dereva yuko wapi?"

"Amejilaza kwenye godoro. Anasema moyo unamwenda mbio, lakini hataki kunyanyuliwa."

Upepo nao ukawa unafanya yake: askari akikamata godoro moja, mawili yanapaa. Dada Redio alicheka huku vidole vikibonyeza namba. Akaita daktari amtazame dereva, akaita gari la kuvuta, akamwomba mkandarasi alete wale wafyeka nyasi wake wakusanye magodoro.

Mara simu yake mwenyewe ikaita.

"Dada! Tumekwama!" Ilikuwa sauti ya bibi harusi. "Mbele yangu kuna basi, na mbele ya basi naona watu wanakimbiza magodoro! Nifungulie barabara, si ni yako?"

"Yangu na wenzangu wote. Tulia mdogo wangu, usilie, utaharibu uso."

"Silii, nacheka. Anayelia ni mama."

Njia ya kupitisha magari ilikuwa moja tu, ile ya nyuma ya soko. Lakini ilikuwa ya halmashauri, na siku hiyo ilifungwa kwa ajili ya kuziba viraka. Dada Redio akavuta pumzi, akampigia Bwana Mpaka.

"Mhandisi, nakuomba unifungulie barabara ya soko. Kuna foleni kubwa darajani."

"Daraja ni lenu," akajibiwa. "Mimi hapa nina lami ya moto."

Maneno makali yalimfika kooni, akayameza. "Najua ni letu, ndiyo maana sikuamrishi, nakuomba. Kuna basi la abiria, kuna wagonjwa, kuna bibi harusi. Tena nisikufiche, bibi harusi ni mdogo wangu. Atapita kwa zamu yake kama wengine."

Sauti ya mhandisi ikalegea.

"Bibi harusi yuko ndani ya gari, na jua hili?"

"Na mama yetu analia."

"Ah! Kwa nini hukuanza na hilo?" Akamsikia akipaza sauti: "Sogezeni mtambo! Toeni koni! Upande ule umeshapoa, magari yapite hapo!"

Haukupita muda, sajini akawa anageuza magari kutoka darajani, na Bwana Mpaka mwenyewe, kizibao chake cha kung'aa mwilini, anayapokea na kuyapitisha. Gari la harusi lilipomfikia, bibi harusi akashusha kioo.

"Asante, baba! Jioni uje ule. Usipokuja, namtuma dada akupigie simu."

Alikuja. Dada Redio alikuwa amebeba sinia la vinywaji aliposikia sauti ile nyuma yake, ikiomba nyama kidogo tu. Kugeuka, akaona mtu mfupi, mwembamba, mwenye tabasamu la kutosha watu wawili.

"Kumbe ni wewe? Kwa sauti ile nilidhani jitu linalogusa dari!"

"Nami nilidhani wewe ni kikongwe mwenye fimbo!"

Wakacheka mpaka sinia likayumba. Muziki ulipopigwa, sajini naye alijitosa uwanjani, lakini mhandisi alicheza hadi mama mzazi wa bibi harusi akamtunza leso yake.

Jumatatu alipiga simu yeye, kwa mara ya kwanza. Alitaka wote wanne wakae pamoja wakubaliane kabisa: barabara kuu ikifungwa hapa, njia gani ifunguliwe kule, na nani asimame wapi. Wakakutana ofisini kwa wakala wiki ileile, na makubaliano yakaandikwa. Ila kikao kilichelewa kuanza, maana simu ya Dada Redio ilikuwa inazunguka mezani mkono kwa mkono, kila mmoja akitazama picha za harusi, na sajini akishikilia kwamba yule anayeonekana mgongo tu, akicheza nyuma ya mama, ni yeye mwenyewe.