Soksi Siku ya Maombi

Leo ngazi za jengo tunalokaa zimepakwa polishi nyekundu. Harufu yake imenisimamisha pale chini, bahasha ya vyeti vya kuombea kazi mkononi.

Nilipokuwa mtoto, maombi ya mtaa yalizunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilipofika, mama alipaka sakafu polishi kama hiyo, na kila aliyeingia akavua viatu mlangoni. Soksi yangu ilikuwa imetoboka, nikaukalia mguu.

Baada ya nyimbo, mama wa jirani aliyeongoza maombi akasema anayetaka kumpokea Yesu asimame, aende mbele. Nilitaka. Nilikuwa nimetaka wiki tatu.

Dada yangu akaninong'oneza, "Simama basi. Kidole chako kimeshatangulia."

Watoto wakacheka. Mama wa jirani akasikia.

"Njoo nacho, mwanangu," akasema. "Yesu naye anakiona."

Nikawaza nitangulize mguu upi, nipitie upande gani wa meza, wageni watasema nini juu ya mama. Nilikuwa bado nawaza waliposema amina.

Mama wa jirani alipokuwa akitoka, alinishika bega. "Wiki ijayo ni kwangu," akasema. "Wewe utaingia na viatu."